NENO "FORTHWITH": MAANA YAKE, ASILI YAKE NA MATUMIZI YAKE

Yako maneno ya Kiingereza ambayo mtu aweza kuishi miaka mingi bila kuyasikia kinywani mwa Mwingereza, lakini siku apokeapo barua yenye mhuri huyakuta humo yakimngoja. Neno "forthwith" ni mojawapo. Halisemwi sokoni, wala halisemwi mezani wakati wa chakula. Makao yake ni katika mikataba, hati za mikopo, amri za mahakama, ilani za mashamba, na barua za kumwondoa mtu kazini. Ni neno fupi lenye silabi mbili tu, na kwa sababu ya ufupi wake watu wengi hulipita bila kulitazama. Kulipita hivyo kwaweza kumgharimu mkulima ng'ombe wake na karani kazi yake. Basi yafaa tulieleze: maana yake, mahali lilipotoka, jinsi mahakimu walivyolipima, na namna ya kulitumia bila kukosea.

MAANA YAKE

Kwa Kiswahili, "forthwith" ni kusema mara moja, papo hapo, bila kukawia. Ni kielezi: hakisemi ni jambo gani lifanywe, wala nani alifanye, bali husema lifanywe lini. Tukisoma "The fence shall be repaired forthwith", maana yake ni kwamba ua utengenezwe mara moja. Tukisoma "He was dismissed forthwith", maana yake ni kwamba mtu huyo aliondolewa kazini papo hapo, asingoje mwisho wa mwezi.

Msomaji aangalie jambo moja: neno hili halina tarehe. Mtu aliyeandikiwa kwamba alipe kabla ya tarehe 30 azijua siku zake, naye aweza kuzihesabu kwa vidole. Mtu aliyeandikiwa alipe "forthwith" hakupewa hata siku moja ya kuhesabu. Wakati wake umeanza kwenda tangu alipoipokea barua, awe ameielewa au hakuielewa. Huo ndio uzito wa neno hili.

ASILI YAKE

"Forthwith" limeundwa kwa maneno mawili ya zamani sana, "forth" na "with". Yote mawili ni ya Kiingereza halisi, yaani yalisemwa na Waingereza kabla ya mwaka 1066, ambapo Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka nchi na kuileta lugha yao. Ni jambo la kustaajabisha kidogo, kwa kuwa maneno mengi ya mahakama za Kiingereza ni ya Kifaransa kwa asili: "court", "judge", "jury" na "plaintiff" yote yalikuja na watawala hao. Hata "immediately", ambalo ndilo ndugu wa "forthwith" kwa maana, shina lake ni la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni "pasipo kitu chochote katikati". Lakini "forthwith" ni mwenyeji. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, na tangu mwaka 1733 hata kumbukumbu za mahakama, ambazo zilikuwa zikiandikwa kwa Kilatini, zikaandikwa kwa Kiingereza. Wageni wale hawakuondoka, ila mwenyeji naye alipata kiti chake barazani.

Neno la kwanza, "forth", maana yake ni mbele, au nje kuelekea mbele. Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya zamani watalikumbuka katika habari ya Lazaro, alipoitwa atoke kaburini. Neno la pili, "with", lina historia ya ajabu. Leo maana yake ni "pamoja na", lakini hapo kale lilikuwa na maana ya "kinyume cha" au "mbele ya", kama watu wawili wanaokabiliana. Maana hiyo ya kale ingali hai katika neno "withstand", yaani kumpinga mtu na kusimama imara mbele yake. Waingereza wa kale walipotaka kusema "pamoja na" walitumia neno jingine, "mid", ambalo limekufa isipokuwa mahali pachache. Mahali pamoja ni katika neno "midwife", yaani mkunga: mwanamke aliye pamoja na mama anayejifungua.

Jambo hili lisitushangaze sisi tusemao Kiswahili. Neno letu "na" hufanya kazi hizo mbili kila siku. Twasema "alikwenda na rafiki yake", na tena "alipigana na adui yake". Katika sentensi ya kwanza "na" ni la urafiki, katika ya pili ni la ugomvi, wala hakuna asikiaye akapotea.

Basi hapo mwanzo "forth with" yalikuwa maneno mawili yaliyoandikwa mbalimbali, na maana yake ilikuwa kwenda mbele pamoja na mtu au kitu. Baadaye yakaungana, na maana ikageuka ikawa "wakati ule ule mmoja", kwa kuwa vitu viendavyo pamoja hufika pamoja. Kutoka hapo pakabaki hatua moja tu kufikia "mara moja". Hivyo neno la mwendo likawa neno la wakati. Kiswahili kimepita njia iyo hiyo. Tusemapo "papo hapo", maneno yenyewe ni ya mahali, lakini twayatumia kuonyesha wakati: "alikufa papo hapo".

MANENO YALIYOCHOKA

Sasa twafikia jambo lililo kubwa zaidi katika habari hii. Kiingereza kilikuwa na maneno mengi ya kusema "mara moja", na karibu yote yamelegea. Ushahidi ulio wazi umo katika Biblia iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James. Tufungue Injili ya Mathayo, sura ya 13, katika mfano wa mpanzi. Mkulima yeyote aujua: mbegu nyingine zilianguka penye miamba, zikaota upesi kwa sababu udongo ulikuwa haba. Hapo, katika aya ya 5, wafasiri walisema zilichipuka "forthwith". Katika aya ya 20, mtu alisikiaye neno hulipokea kwa furaha "anon". Na katika aya ya 21, dhiki ikija, mtu yule huchukizwa "by and by". Maneno matatu ya Kiingereza, lakini katika Kigiriki yaliyo hapo ni maneno mawili ya ukoo mmoja, yote yakiwa na maana ya "mara moja". Kiswahili cha Biblia ya mwaka 1952 kilitosheka na neno moja katika aya zote tatu: "mara".

Mwingereza wa leo akiisoma sura hiyo bila mwalimu, huielewa aya ya 5 sawasawa, kisha hupotea katika aya ya 20 na ya 21. Kwake yeye "anon" ni neno la zamani lenye maana ya "baada ya kitambo", na "by and by" ni "baadaye, polepole". Vivyo hivyo katika Injili ya Marko, sura ya 6, binti Herodia alipotaka apewe kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by", msomaji wa leo aweza kudhani kwamba msichana yule alikuwa radhi kungoja. Sivyo. Alikitaka saa ile ile, kabla mfalme hajapata nafasi ya kujirudi. Na katika Mathayo sura ya 21, mtini uliolaaniwa ulikauka "presently", neno ambalo siku zile lilikuwa na maana ya "papo hapo", wala si "baada ya muda kidogo" kama lilivyo leo kwa Waingereza walio wengi.

Hata neno "soon", ambalo kila mtoto wa shule hulijua, lilianza likiwa na maana ya "mara moja". Leo, mtu akikuambia atakulipa "soon", hujui kama ni kesho au ni mwaka ujao.

Kwa nini maneno haya yalilegea? Sababu si ngumu kuiona. Mwanadamu akiitwa hujibu "Naja sasa hivi", kisha hukawia. Akirudia hivyo mara elfu, neno lenyewe hujifunza uvivu wake. Shakespeare aliliona jambo hili. Katika tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, sehemu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1598, yumo kijana mtumishi wa kilabu cha pombe aitwaye Francis. Mwana wa mfalme anazungumza naye chumba hiki, na rafiki wa mwana wa mfalme anamwita toka chumba kile, naye kijana hujibu kila mara "anon", na haendi. Watazamaji walicheka, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujua thamani ya neno lile. Nasi Waswahili tusiwacheke sana. Ni nani asiyejua kwamba "sasa hivi" ya fundi cherehani yaweza kuchukua wiki mbili?

Lipo tena jambo la kufurahisha. "Anon" asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yenye maana ya "katika moja". "At once" nalo limetokana na neno la "moja". Na sisi husema "mara moja". Ni kana kwamba watu wa lugha mbalimbali, wasiopata kuonana, waliafikiana kwamba jambo la haraka ni lile lifanywalo kwa pigo moja, pasipo la pili.

"Forthwith" peke yake halikulegea, kwa sababu halikutumiwa sana vinywani. Lilichukuliwa na waandishi wa sheria, nao wakalifungia ndani ya hati. Kisu kisichokata kuni kila siku hukaa na makali yake.

MAHAKIMU WALIVYOLIPIMA

Hata hivyo, makali nayo yana kiasi chake. Je, "forthwith" ni dakika ile ile? Mtu aliyeamriwa kulipa fedha "forthwith" saa ya usiku, benki zikiwa zimefungwa, je, amevunja amri? Mahakama za Uingereza zililijibu swali hili zamani. Mwaka 1878, katika shauri lililohusu mahakimu wa wilaya ya Berkshire, Jaji Mkuu Cockburn alisema kwamba "forthwith" na "immediately" ni sawa kwa maana, na kwamba yana nguvu kuliko maneno "katika muda wa kufaa". Alieleza kuwa yataka tendo la bidii na la upesi, pasipo kukawia. Na kama mtu ametenda hivyo au sivyo, ni jambo la kuamuliwa kwa kuzitazama hali zilivyokuwa. Mwaka 1881 jaji mwingine mashuhuri, Jessel, alisema kwamba neno hili sharti lielezwe kwa kuangalia kusudi la kanuni yenyewe na hali ya shauri. Marekani nako, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 1900 kwamba katika taratibu za kupeleka hati mahakamani, neno hili kwa desturi huhesabiwa kuwa ni ndani ya saa 24.

Mambo mawili hutokea hapo. La kwanza, sheria haimtaki mtu afanye lisilowezekana. La pili, haikubali udhuru wa uvivu. Mtu aliyekuwa kitandani hospitali atasikilizwa. Mtu aliyeiweka barua chini ya mto akangoja mavuno hatasikilizwa. Tena kusudi la amri ndilo litoalo kipimo. Tuseme tangazo laagiza kwamba mwenye ng'ombe mgonjwa atoe habari "forthwith". Kusudi ni kuuzuia ugonjwa usiingie zizi la jirani, na kwa hiyo saa chache zaweza kuwa ni kukawia.

Mashauri hayo ya Uingereza si ya kigeni kabisa kwetu Kenya. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 ilithibitisha kwamba mahakama za nchi hii zifuate, pamoja na Katiba na sheria zetu wenyewe, kanuni za sheria ya desturi ya Kiingereza na zile sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake iruhusuvyo. Neno "forthwith" lilisafiri katika mzigo huo.

Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yatufundisha njia iliyo bora zaidi. Katika kifungu cha 49 yasema kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe bila kukawia, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Na tena afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, lakini isipite saa 24, na saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi kabla ya kwisha siku ya mahakama inayofuata. Hapo neno limepewa saa ya kulilinda. Askari hawezi kusema kwamba kwake yeye "mapema" ni siku ya tatu. Na pale ambapo Katiba haikutaja muda, kifungu cha 259 chaagiza kwamba jambo litendwe pasipo kukawia kusiko na sababu.

MKULIMA NA HATI YA MKOPO

Tutoe mfano ili mambo yawe wazi. Tuseme mkulima amekopa shilingi 60,000 ili anunue ng'ombe wa maziwa, naye amekubali kulipa shilingi 5,000 kila mwezi kwa miezi 12. Riba tuiache kando. Miezi 3 ya kwanza alilipa bila taabu. Mwezi wa 4 mvua ilikosa, majani yakakauka, maziwa yakapungua, naye hakulipa. Moyoni mwake ajua kwamba anadaiwa shilingi 5,000 za mwezi ule, na ameazimu kuzilipa mvua zikinyesha. Lakini katika hati aliyoitia sahihi mlikuwa na kifungu kisemacho kwamba malipo ya mwezi mmoja yakikosekana, salio lote "shall become payable forthwith". Basi adaiwalo si shilingi 5,000 bali shilingi 45,000. Wala si kwa miezi 9 iliyobaki, bali mara moja. Barua ikaja. Mkulima akampa kijana mwenye elimu kidogo amsomee. Kijana alipofika kwenye neno lile akababaika, akasema, "Wanataka ulipe karibuni, baba." Mzee akashukuru, akaikunja barua.

Kijana yule hakukusudia ubaya. Lakini kwa neno moja aligeuza amri ikawa ombi, na siku alizopoteza mzee ndizo zile ambazo angaliweza kwenda kwa mkopeshaji, kueleza habari ya ukame na kuomba masharti mapya. Mkopeshaji aliyefikiwa mapema aweza kusikiliza. Aliyenyamaziwa huuza ng'ombe. Karani au mwanafunzi anayewasomea wazee barua ashike neno hili kwa mikono miwili. Afasiri "mara moja", na aongeze kwa sauti: "Hakuna siku ya kungoja."

MATUMIZI KATIKA BARUA

Kwa makarani tungependa kuongeza maonyo machache.

Kwanza, wasilichanganye "forthwith" na maneno mawili yanayofanana nalo kwa sura. "Herewith" maana yake ni "pamoja na barua hii": "I enclose herewith the receipt", yaani natia stakabadhi ndani ya barua hii. "Henceforth" maana yake ni "tangu sasa na kuendelea": "Henceforth milk will be received at six o'clock", yaani tangu sasa maziwa yatapokewa saa kumi na mbili. Karani wa chama cha ushirika akiandika "forthwith" mahali pa "henceforth", wanachama wataambiwa walete maziwa yote dakika ile ile.

Pili, ni neno la amri. Mkubwa aweza kumwandikia mdogo wake wa kazi. Mahakama yaweza kumwandikia mdaiwa. Karani akimwandikia mkubwa wake "Please reply forthwith", amefunga ombi na amri katika kamba moja, na mkubwa ataliona lile la pili. Afadhali aandike "as soon as possible", au ataje tarehe na kueleza sababu yake.

Tatu, katika kulitamka, mkazo uwe juu ya silabi ya pili. Msemaji wa Kiswahili hana udhuru wa kusema "fothwizi", kwa kuwa sauti ya "th" anayo tayari katika maneno "thelathini" na "thamani".

Nne, na ndilo kubwa, ukiandika hati mwenyewe usilitumie neno hili pale ambapo tarehe yaweza kutumika. Mkiuziana shamba, au mkikodishiana trekta, andikeni "ndani ya siku 14 tangu tarehe ya hati hii". Siku 14 ni siku 14 kwa tajiri na kwa maskini, kwa msomi na kwa asiyesoma. "Forthwith" laweza kuwataka mwende mbele ya hakimu ili awaambie lilikuwa ni siku ngapi, na safari hiyo ina nauli.

Na kama ni wewe unayeletewa hati yenye neno hili uitie sahihi, uliza kabla ya kushika kalamu: ni siku ngapi? Anayekupa hati akiwa mwema atakuandikia hesabu pembeni, nanyi nyote wawili mtaitia sahihi. Ikiwa hati imekwisha kutiwa sahihi na barua imekwisha kufika, basi nenda siku ile ile ukaseme uliyo nayo, na majibu yako yaandike, nakala yake ukaiweke. Wazee walisema, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Barua yenye neno "forthwith" isilale nyumbani mwako hata usiku mmoja bila kujibiwa.